Chai Chini ya Kuba

Nyinyi mnaochora kwa kompyuta hamna upande wa nyuma. Mchoro wenu una uso mmoja tu, na ukikosea unabonyeza kitufe, kosa linapotea kana kwamba halikuwahi kuwapo. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi ya kunakilia, ile nyembamba inayopitisha mwanga, na karatasi hiyo ina pande mbili zinazofanana kabisa. Leo nataka niwaambie jinsi upande wa pili wa karatasi moja ulivyonitia hofu ambayo, mpaka sasa nimestaafu na magoti yamechakaa, ikinijia naacha ninachofanya na kutafuta mahali pa kuketi.

Mimi ni Adhiambo. Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wachoraji wa ramani za majengo hapa Kisumu. Sikuanzia kwenye ubao wa kuchorea. Nilianzia chumba cha nyuma, kwenye mashine ya kutoa nakala, iliyonuka amonia hadi macho yakachuruzika machozi kutwa nzima. Wageni waliopita mlangoni walinipa pole wakidhani nimefiwa. Aliyenitoa huko ni Mzee Ochola, mkuu wa wachoraji, ambaye siku moja aliona nimechora kikombe chake nyuma ya karatasi iliyoharibika, akasema mkono huu haufai kupikwa na amonia. Nikawa mwanamke wa kwanza kupewa ubao katika ofisi ile.

Yeye ndiye aliyenifundisha wembe. Wino ukikosewa, unasubiri ukauke, unaushika wembe mpya ukiwa umelala, unakwaruza polepole, kisha unasugua pale kwa ukucha ili karatasi ifunge vinyweleo vyake. Ukirudia kuandika bila kusugua, wino unatapakaa na kazi ya siku mbili imekwenda. Na mikono lazima uipake poda, maana joto la Kisumu saa nane mchana linatoa maji kiganjani, na karatasi ikishalowa jasho inajikunja. Basi ofisi nzima ya wanaume wenye ndevu ilinukia kama kliniki ya watoto.

Mzee Ochola alikuwa mwashi kabla ya kuwa mchoraji, na alikuwa na sheria moja aliyoipokea kwa mafundi wa Kihindi waliomfundisha kazi akiwa kijana. Tao au kuba likijengwa, hushikiliwa kwa ndani na miti mpaka likauke. Siku ya kuitoa ile miti, aliyechora anaketi chini yake, juu ya kigoda, na kikombe cha chai mkononi. Fundi anaigonga miti mmoja mmoja hadi yote itoke. Mchoraji haruhusiwi kuondoka mpaka chai iishe, na akiinywa kwa pupa mafundi wanamcheka mwaka mzima. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi mara nyingi, na alituambia kwamba chai ya chini ya tao huwa na ladha ya chokaa.

Miaka ya themanini ikielekea kwisha, alikuja kwetu Injinia Were, kijana aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo. Alileta wazo lililoifanya ofisi icheke chini kwa chini. Shirika moja lilitaka nyumba ndogo ya majaribio kwa ajili ya watu wa jangwani, kule kaskazini, ambako bati hugeuza chumba kuwa tanuri. Isiwe na bati, isiwe na mbao, na saruji iwe kidogo kabisa. Mwalimu wetu, akasema, atakuwa mchwa, kwa sababu mchwa anajenga kwa udongo na mate yake, na ndani ya nyumba yake hakuna joto la kuua. Tungeijenga kwanza Kisian, karibu nasi, tuone inavyosimama, kisha ramani ipelekwe kaskazini. Fundi Okumu, aliyepewa kazi ya kuijenga, aliuliza kama injinia amewahi kuona mvua ya Kisian.

Kichuguu kikubwa kuliko vyote pale kilikuwa cha Mama Sabina, mjane aliyelima kando ya barabara ya Busia. Vijana wa mjini huenda hamjui, lakini kwetu kichuguu kina mwenyewe. Kumbikumbi wanaotoka humo mvua ikinyesha ni mali ya mtu, na huendi kuwakusanya bila ruhusa yake. Were alifika na jembe, anataka kukipasua katikati aone ndani. Mama Sabina akapanda, akaketi juu ya kichuguu chake, akakunja mikono.

"Wewe ukitaka kujua nyumba yangu iko aje ndani," akamwuliza, "utavunja ukuta ama utabisha mlango?"

Were akaweka jembe chini. Yule mama akamshika mkono, akauweka juu ya tundu la kileleni, naye akashtuka kusikia pumzi ya moto ikitoka. Kisha akatuonyesha chini, matundu madogo yaliyofichwa na nyasi, ambako hewa ya baridi huingia. Akatupigapigia ukuta kwa kijiti tusikie mahali palipo pembamba na mahali palipo panene, kama migongo iliyopanda toka chini hadi juu. Nilikuwa nimesimama hapo na daftari langu, na maneno yake niliyaandika mwenyewe. Alisema mchwa hatoboi mgongo. Anatoboa kati ya mgongo na mgongo, kwa sababu mgongo ndio unabeba.

Nyumba yetu ikawa hivyo. Kuba la matofali mabichi, na ndani ya ukuta mbavu tano nene zilizopanda kutoka ardhini hadi kwenye tundu la juu. Chini kabisa, kati ya ubavu na ubavu, mashimo ya kuingiza hewa, ambayo ingepita kwanza kwenye mfereji wenye mitungi ya maji kisha ndiyo iingie chumbani. Mashimo hayakupangwa sawasawa. Yalikuwa mengi upande wa upepo na machache upande wa pili. Were aliyachora peke yao kwenye karatasi moja, duara na vidoa tu, hakuna neno hata moja. Mimi niyahamishie kwenye ramani ya msingi.

Asubuhi ile feni ilikuwa imeipeperusha karatasi hiyo sakafuni. Niliiokota, nikaibandika ubaoni kwa utepe, nikaweka ya kwangu juu, nikafuatisha. Kazi ilikuwa safi hata nikajisifu moyoni. Mzee Ochola alipoikagua aliangalia vipimo, na vipimo vilikuwa sahihi. Kwa kuwa mbavu zilikuwa kwenye karatasi nyingine, hakuna aliyeziona karatasi hizo mbili pamoja. Mafundi nao wakajenga walichochorewa.

Kuba lilipokamilika, nilikwenda Kisian kwa pikapu ya ofisi kupima mahali pa kupiga lipu. Ilikuwa Jumatatu. Fundi Okumu akaniita pembeni, akachuchumaa karibu na shimo moja la chini.

"Dada Adhiambo, hii ufa wiki iliyopita ilikuwa kama nywele," akasema. "Sasa kucha inaingia. Na hii shimo kukaa chini ya mbavu, ni sawa?"

Nilimjibu bila hata kuinama. Nilimwambia ufa azibe kwa udongo, na kuhusu shimo afuate ramani. Nilisema kwa sauti ya mtu wa ofisini, ile ambayo nyote mnaijua, kwa sababu sikutaka fundi anifundishe kazi mbele ya vibarua. Okumu akaziba.

Lakini njiani kurudi maneno yake yalinikaa. Nilipofika niliitafuta karatasi ya Were, nikaishika na ile ya mbavu kwenye kioo cha dirisha, jua likipenya. Kama nilivyokuwa nimeibandika, mashimo matatu yaliangukia chini ya mbavu. Nikaigeuza upande wa pili. Mashimo yote yakahama, yakaketi vizuri kati ya ubavu na ubavu, hata moja halikugusa. Nilikuwa nimeifuatisha karatasi kwa nyuma. Mbavu tatu kati ya tano za nyumba ile zilikuwa zimesimama juu ya matundu, na kilichozuia kuba lisishuke ni ile miti ya ndani, ambayo ingetolewa Ijumaa.

Nilirudisha karatasi kabatini, nikaketi ubaoni, nikashika kalamu nisichore chochote. Nilimwona mtu aliyechora kikombe akirudishwa kwenye amonia. Niliwasikia wanaume wale wakisema tulijua tu. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama, kwamba kuba la udongo likishuka halimwachi aliye chini yake.

Jumanne niliamka nimeamua kusema. Nikaenda hadi kwenye meza ya Mzee Ochola, naye alikuwa akimweleza mgeni kwamba Adhiambo hajarudishiwa karatasi hata moja tangu akae ubaoni. Nikamwuliza kama anataka chai. Jumatano Were akatangaza kwamba wakubwa wa shirika watakuja Ijumaa kushuhudia miti ikitolewa, na watakula samaki pale pale. Nikasema moyoni nitasema kesho. Hofu ina tabia hiyo, inakuazima siku moja moja, na kila siku unayochukua inaifanya ya kesho iwe ngumu zaidi kwa sababu sasa itabidi ueleze na jana ulikuwa wapi.

Alhamisi alasiri mvua ya mawe ilipiga Kisumu, bati la ofisi likalia hata hatukusikizana. Wenzangu walikimbilia madirishani. Mimi nilibaki ubaoni nikiomba. Sikuomba nyumba isimame. Nilimwomba Mungu aiangushe nyumba kwa mvua ile ile, ikiwa tupu, nisilazimike kufungua mdomo. Ndiyo sala niliyosali, na ninaisema hapa kwa aibu. Mvua ikaisha, na Okumu akatuma habari kwamba kuba liko zima.

Ijumaa tulifika Kisian asubuhi. Wageni wamevaa viatu vizuri, Were amevaa tai, Mama Sabina ameleta majirani wake kuona nyumba ya mchwa wa serikali, kama alivyoiita ingawa serikali haikuwamo. Ndani ya kuba kulikuwa na miti tisa, na katikati yake kigoda. Mzee Ochola akanimiminia chai mwenyewe kutoka kwenye chupa, akanipa kikombe. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu, mara yangu ya kwanza. Nilikipokea, nikabaki mlangoni nikikitazama kigoda bila kuingia.

Akaniona. Alidhani ni woga wa kawaida, ule aliokuwa nao yeye siku yake ya kwanza. Akanichukulia kikombe mkononi, taratibu kabisa.

"Nyathina, mwanangu, kaa hapa nje," akaniambia. "Hii ya kwanza nitakukalia mimi."

Akaingia na chai yangu. Na mimi, wajukuu, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Ilikuwa kama pigo moja la moyo hivi, lakini ilikuwa furaha, na katika yote niliyofanya wiki ile hakuna kinachoniuma kuliko hicho. Mzee yule alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti yamekaribia kidevu, ananipungia kikombe ili nisiogope.

Okumu akagonga mti wa kwanza, ukatoka. Akagonga wa pili. Kwa wa tatu sikusikia nyundo, nilisikia mlio mdogo chini ya ukuta, kama mtu amekanyaga kigae. Vumbi likashuka kileleni. Mzee Ochola akaangalia kikombe chake, akakitoa kitu ndani kwa kidole, akaendelea kunywa. Okumu akasogea kwenye mti wa nne na kuinua nyundo.

Siwezi kuwaambia nilipata wapi miguu. Nilijikuta nimepita mlango ule mfupi nikiwa nimeinama, nimesimama mbele ya kigoda, na Okumu nimemshika mkono. Humo ndani kulikuwa na baridi nzuri, ile tuliyoitafuta, na bado nilikuwa nikitoka jasho.

"Mzee, toka," nikasema. "Nilifuatisha karatasi kwa nyuma. Mashimo yako chini ya mbavu."

Hakupiga kelele. Alitazama juu kwanza, akazitazama mbavu moja moja hadi chini, na nikaona uso wake ukibadilika, maana hakuwa mtu wa kuhitaji maelezo mara mbili. Yule mzee aliyekuwa akiwacheka waoga aliogopa mbele ya macho yangu. Akaweka kikombe sakafuni kwa uangalifu mno, kana kwamba uzito wake ungeongeza kitu.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Na leo ni Ijumaa," akasema.

Akamwambia Okumu atoke polepole, bila kugusa kitu. Akanitanguliza mimi, akafuata mwisho. Nje hakuna aliyejua kilichotokea mpaka Okumu alipoomba miti irudishwe, na ilirudishwa, ikaongezwa mingine. Walipochunguza pale chini walikuta jiwe lililolazwa juu ya shimo kubeba ubavu limepasuka vipande viwili, na ule udongo wa kuzibia niliouagiza mimi umedondoka wote. Wageni walikula samaki wao kimya. Were alinisema mbele ya watu, maneno ambayo nilistahili, na Jumatatu iliyofuata nilirudi kwenye amonia.

Nilikaa huko miezi mitatu. Kwa muda huo Okumu aliyaziba mashimo matatu kwa mawe na chokaa, akatoboa mengine kati ya mbavu, kama mchwa. Siku ya kutoa miti kwa mara ya pili Mzee Ochola alikuja chumba cha nyuma, akaniambia nichukue kikombe. Niliketi. Miti yote tisa ikatoka, na ile ya nyongeza. Nilikunywa hadi tone la mwisho, na ni kweli, ina ladha ya chokaa.

Mtaniuliza nyumba iliishia wapi. Mvua za Kisian ziliiotesha kuvu, kama Okumu alivyotabiri, na baada ya mwaka mmoja mchwa wenyewe wakahamia mlangoni wakala fremu, mbao pekee iliyokuwamo. Mama Sabina alicheka hadi akashika mbavu zake. Lakini ramani iliyosahihishwa ilikwenda kaskazini, na barua ikarudi kwamba nyumba imesimama na ndani kuna ubaridi wa ajabu. Wenyeji walikuwa wamewapa mbuzi wao walale humo.

Niliporudi ubaoni nilianza kukata pembe. Kila karatasi iliyopita mikononi mwangu niliikata kidogo pembe ya juu kulia, ili ikigeuzwa ijulikane hata gizani. Ofisi nzima ikaniiga. Nyinyi hamna pembe za kukata, lakini naamini upande wa nyuma mnao mahali fulani, na fundi wa kuchuchumaa na kuwauliza swali mnaye pia. Inameni mtazame.

Mzee Ochola hakunisema hata siku moja. Alichofanya ni hiki: kila nilipompelekea kazi aikague, kabla hajaiangalia, aliniuliza, "Adhiambo, leo ni siku gani?" Wenzangu walidhani mzee anasahau. Mimi nilikuwa nasimama hapo nikipekua moyo wangu kama kuna kitu nimekificha tangu jana, na mara mbili kilikuwapo, nikakisema.

Miaka ya tisini alipokuwa mgonjwa nilikwenda kumwona kwa binti yake, mtaa wa Manyatta. Alikuwa amekonda, watu wengi amewasahau, na binti yake alinionya nisihuzunike asiponitambua. Nikaketi karibu na kitanda, nikamtajia jina langu. Akanitazama.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

Binti yake akaniambia huwa anamwuliza kila mtu swali hilo. Labda. Nilihesabu vizuri kabla ya kujibu, nikamwambia ni Jumatatu.

"Basi," akasema, akafumba macho, "bado kuna wakati."